Kiatu cha Mcheza Baleti

Katika nchi za Ulaya iko ngoma iitwayo baleti. Huchezwa kwa muziki pasipo maneno, na mchezaji huonyesha hadithi kwa viungo vya mwili wake. Pengine mwanamke husimama juu ya ncha za vidole vya miguu, akazunguka kama pia, wala haanguki. Watazamaji wengi hudhani ya kuwa ndani ya viatu vyake mna kipande cha mti. Sivyo.

Mwaka 1832, katika mji wa Paris, Marie Taglioni alicheza hivyo katika baleti iitwayo La Sylphide. Viatu vyake vilikuwa vya atlasi laini, vimetiwa nyuzi kwa sindano tu ili vikaze kidogo. Kilichomsimamisha ni nguvu za miguu yake. Baadaye mafundi wakajifunza kufanya viatu vigumu zaidi.

Kiatu cha siku hizi kina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kikasha cha vidole. Hufanywa kwa matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyopakwa gundi, yakaachwa kukauka hata yakawa magumu. Kikasha huvishika vidole vyote pamoja, ili uzito wa mwili usiangukie kidole kimoja. Ncha yake ni bapa, nayo ndiyo mahali padogo pa kusimamia.

Ya pili ni uti, yaani kipande kirefu cha ngozi au karatasi ngumu kilichowekwa chini ya unyayo. Kazi yake ni kuutegemeza mguu unapoinuka. Nje kiatu hufunikwa kwa atlasi, na tepe hufungwa kifundoni ili kisivuke.

Katika kuchagua viatu hivi yapo makosa matatu. Kosa la kwanza ni kununua kiatu kikubwa ili mtoto akue ndani yake. Mguu huzama katika kikasha, uzito wote ukaelemea kidole gumba, na ukucha ukaumia. La pili ni kununua kidogo mno, kwani vidole hujikunja badala ya kunyoka. La tatu ni kudhani ya kuwa uti mgumu kupita zote ndio bora. Uti ukiwa mgumu mno, mguu dhaifu hauwezi kuukunja, na msichana hafiki juu ya ncha. Ukiwa laini mno, hukunjika upesi na kumsukuma mbele. Basi kila mguu una uti wake uufaao, na mwalimu sharti amtazame msichana akisimama ndani ya kiatu kabla hakijanunuliwa.

Tena, kiatu huchakaa. Mchezaji hodari huweza kumaliza jozi moja kwa usiku mmoja. Kikasha kikilegea na uti ukivunjika, msaada umekwisha, hata kama atlasi ingali yang'aa.

Kwa hiyo walimu wengi hawampi msichana viatu hivi kabla hajafika umri wa miaka 11 au 12, naye awe amekwisha kujifunza miaka kadha wa kadha. Mifupa yake ingali inakua, na haraka yaweza kuuharibu mguu. Kiatu hakimfundishi mtu kusimama. Husaidia mguu uliokwisha kufundishwa.