Shoti ya shingo baada ya tiba ya mionzi

Mgonjwa wa Chitete aliyepigwa mionzi ya shingo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akirudi nyumbani anakuwa zaidi ya kilomita 900 kutoka kwa madaktari waliomtibu. Miezi miwili au mitatu baadaye anainama kufunga kamba za viatu, na ghafla kitu kama shoti ya umeme kinashuka mgongoni hadi miguuni. Wengi huamini saratani imerudi. Mara nyingi sivyo.

Neva zetu zinafanana na nyaya za umeme: zina ganda, na ganda hilo la mafuta huitwa mayelini. Linatengenezwa na seli saidizi zinazojizungusha kwenye neva, tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyoviringishwa. Mionzi inayoua saratani huzijeruhi pia seli hizi. Watafiti waliochunguza wanyama kwa hadubini ya elektroni wameona tabaka za mayelini zikiachana na ganda likiwa jembamba. Ganda likichubuka, neva hushtuka upesi. Ukiinamisha kichwa, uti wa mgongo unavutika kidogo, na hapo ndipo shoti inapita.

Habari njema ni kwamba seli zinazobaki hujenga ganda jipya. Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe ndani ya miezi kadhaa, bila dawa. Hata hivyo mwambie daktari siku ya kliniki.

Madhara mabaya zaidi ni machache, na huja polepole, pengine baada ya miaka, kwa sababu mishipa midogo ya damu inayolisha neva nayo huharibika. Ndiyo maana dozi hugawanywa kidogo kidogo, mara nyingi grei 2 kwa siku kwa wiki kadhaa. Wanaochoka kukaa Dar na kuomba wamaliziwe haraka wafahamu hilo.

Yasiyosubiri kliniki ni haya: miguu kulegea, ganzi inayopanda, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu ya mgongo yanayozidi usiku. Hapo huenda uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa hata siku chache kunaweza kumfanya mtu asitembee tena. Nenda siku hiyohiyo kituo cha afya, uombe rufaa ya haraka. Beba karatasi inayoonyesha sehemu iliyopigwa mionzi, dozi na tarehe. Bila karatasi hiyo, daktari wa Mbeya atalazimika kuanza kwa kubahatisha.