KIZURI NACHO HUTEMBEZWA

Mgeni akiingia Eldoret leo, mji uliopandishwa cheo kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, hukutana na waimbaji kabla ya kukutana na wenyeji. Sura zao zimebandikwa kutani na katika milingoti ya umeme. Sauti zao zatoka ndani ya matatu na katika maduka ya simu. Mara hupita gari la vipaza sauti, mwendo wa pole, likitaja jina la mwimbaji, siku atakayoimba, mahali na kiingilio. Jina lishaingia masikioni mwa watu, na mwenye jina bado yuko njiani.

Aliyelitanguliza jina hilo hana picha ukutani. Ndiye aliyekodi ukumbi, akalipa gari, akazungumza na watu wa redio, akapata mfanyabiashara wa kutoa fedha. Siku hizi tunamwita mpigia debe, tukimfananisha na wale vijana wa stendi wanaoita abiria. Huyu naye aita abiria, ila gari lake ni mtu mwenye sauti.

Wazee wetu wa pwani walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi na wazee. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Katika mambo ya muziki naona methali ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Sauti njema ni gogo zito. Pasipo nyenzo itabaki pale pale msituni ilipoota. Suali ambalo lafaa tuliulize ni hili: gogo likishafika pwani na kuchongwa jahazi, nyenzo yastahiki nini, na mwenye gogo naye apate nini?

JINA HUTANGULIA MTU

Nchi hii ya juu ina kisa kimoja cha jina lililosafiri peke yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, alifika kwa Wakipsigis, ambao ni ndugu kwa lugha na asili wa Wanandi na Wakeiyo wanaoizunguka Eldoret. Huko Kapkatet alirekodi kundi la wasichana wakiimba habari za mtu wanayemwita Chemirocha. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye santuri zake zilifika vijijini pamoja na gramafoni za mkono.

Rodgers hakukanyaga Afrika, na alikuwa amefariki tangu mwaka 1933. Wasichana wale hawakupata kumwona, wala hakuna aliyekuja kuwaeleza habari zake. Kwa hivyo walimuumba wenyewe. Tracey aliandika kwamba walimsimulia kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, mwenye uhodari wa kucheza.

Ukikitazama vyema kisa hiki utaona mambo mawili. La kwanza, sauti yaweza kuvuka bahari bila ya mpigia debe. La pili, ikivuka hivyo haijulikani ni ya nani. Na ikisha kutojulikana ni ya nani, haijulikani pia alipwe nani. Wasichana wenyewe yaliwapata mfano wa hayo. Wimbo wao ulisikizwa ng'ambo miaka mingi, hali kijijini kwao hapakuwa na nakala. Ni katika miaka ya 2010 ndipo rekodi hizo ziliporejeshwa kwa wenyewe, na wazee wakasikia tena sauti za ujana wao.

FUNDI NA MPIGA MBIU WAKE

Katika Kenya, mtu aliyeifanya kazi ya kutangaza waimbaji ikawa kazi kamili alikuwa Peter Colmore, Mwingereza aliyekaa Nairobi. Siku za Vita vya Pili vya Dunia aliunda bendi ya Waafrika iliyochukua jina lake. Baada ya vita akaingia katika santuri na matangazo ya biashara, na kampuni yake ikaitwa High Fidelity Productions. Colmore alikuwa na sikio la kutambua sauti, na alikuwa na macho ya mchuuzi. Watu wenye vyote viwili ni wachache.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni mwenzetu wa pwani, Fundi Konde, aliyezaliwa upande wa Kilifi mwaka 1924. Konde aliingia jeshini akawa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, akafika mpaka Burma. Aliporudi alikuwa mpigaji mwingine kabisa. Watu wengi humtaja kuwa wa kwanza katika Wakenya kurekodi kwa gita la umeme. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, chenye kuficha maana ndani ya maana, na mahadhi yake yalikuwa ya dansi ya mjini. Santuri alizozitoa kati ya mwaka 1947 na 1956 zilikusanywa upya mwaka 1994 na kampuni ya RetroAfric ya Uingereza, na Konde akawahi kuyaona hayo kabla ya kufariki mwaka 2000.

Katika nyimbo hizo umo mmoja uitwao Jambo Sigara. Jina lajieleza lenyewe. Hapa ndipo mkutano wa mtangazaji na mwimbaji unapoonekana bila kificho. Mwimbaji ataka kusikika, mwenye bidhaa ataka kuuza, na baina yao amekaa mtu mmoja anayewajua wote wawili. Asiyependa sigara na alaumu, lakini fedha za kuchapa santuri zilitoka huko.

DAWA YA KICHWA NA SODA

Kazi ya Colmore ilivuma zaidi alipoleta wapigaji wawili kutoka Katanga, nchini Kongo. Wa kwanza ni Edouard Masengo, na wa pili ni jamaa yake Jean Bosco Mwenda. Mwenda alikuwa ameshajulikana. Hugh Tracey alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, mwaka 1952, akamrekodi, na wimbo wake Masanga ukawastaajabisha wapigaji wa gita wa nchi nyingi. Aliyemsikia bila kumwona alidhani ni watu wawili, kwani kidole gumba kilishika besi na vidole vingine vikaimba.

Wakongo hawa waliimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwao kisicho sawa na chetu, lakini kilichofahamika. Masengo alitangaza Coca-Cola. Mwenda, mwishoni mwa miaka ya 1950, alifanya kazi na wenye Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa, akawa na kipindi chake cha redio Nairobi. Huenda wewe msomaji ukacheka kuona bingwa wa gita akiimbia kidonge. Lakini fikiri. Mtu wa shamba la mzungu, ambaye hakuwa na nauli ya kwenda Nairobi wala fedha za santuri, alimsikia Bosco bure kwa sababu kidonge kililipa.

Na aliposikia hakunyamaza. Upande wa magharibi, kuanzia Kakamega hadi mashamba ya Uasin Gishu walikokwenda kutafuta kazi, vijana walitwaa magita wakaanza kunyofoa nyuzi kwa vidole. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliutia mtindo huo ladha ya kwao, ukaitwa omutibo. Aghalabu mpigaji wa omutibo huwa na mwenziwe anayeparuza chupa ya soda, khasa ile ya Fanta iliyo na mabonde ubavuni, kushika mwendo wa wimbo. Kampuni ya soda ilimlipa Masengo aisifu soda. Wanakijiji wakainywa soda, wakageuza chupa ikawa ala yao. Mwenye bidhaa alitaka kuutumia muziki, na muziki nao ukamtumia.

Colmore hakuwa peke yake. Rafiki na mshirika wake katika biashara upande wa Tanganyika alikuwa Ally Sykes wa Dar es Salaam, naye pia askari wa Burma na mpenda muziki, ambaye mwaka 1954 alikuwa katika waasisi wa TANU na kuchukua kadi nambari 2. Wala jambo hili halikuwa la Afrika Mashariki tu. Louis Armstrong, tarumbeta mkubwa wa Marekani, alipozuru Afrika mwaka 1960, mabango ya Pepsi yalimtangulia. Soda moja na Masengo, soda nyingine na Armstrong.

SANTURI HAINA MKONO

Sasa turudi kwenye suali letu la gogo na nyenzo. Sisi wa pwani tuna desturi yetu ya kutunza. Katika harusi, mwimbaji wa taarabu akigusa neno lililomchoma mtu, mtu huyo huinuka, akasogea kwa madaha na noti mkononi, akamtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Kila mmoja ameona nani katoa, kiasi gani, na kwa ubeti upi. Hapana dalali baina yao, wala hapana hesabu ya kufichwa.

Santuri haina mkono wa kupokea tunzo. Anayeinunua hamwoni mwimbaji, na mwimbaji hamwoni mnunuzi. Fedha hupita kwa mchapaji, kwa mwenye duka, kwa mwenye redio, na kwa mpigia debe. Kinachomfikia mwenye sauti hutegemea uaminifu wa hao waliotangulia. Kwa hivyo jina la mwimbaji katika mikono ya mtangazaji ni amana. Sisi tuliokalia majamvi ya chuoni twalijua neno hilo na uzito wake, na twajua pia tulivyoagizwa tumlipe mtu wa kazi kabla jasho lake halijakauka.

Mfano mchungu tunao. Wimbo Malaika waujua ulimwengu mzima. Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa katika sahani yao ya mwaka 1965, na Boney M wakauimba mwaka 1981. Lakini hata leo watu hushindana juu ya mtungaji. Wako wanaomtaja Fadhili mwenyewe, wako wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika, wako wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alifariki Februari 2001 na mashindano hayakwisha. Daudi Kabaka naye, ambaye wimbo wake Helule Helule ulichukuliwa na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 ukavuma huko, alifariki mwaka huo huo wa 2001. Wote wawili walikuwa na wapiga mbiu hodari. Mbiu ilipigwa vyema. Kilichokosekana ni daftari lililo wazi.

Sheria si kwamba hazikuwapo. Kenya ilitunga sheria ya haki za watungaji mwaka 1966, ikaitunga upya mwaka 2001, na tangu mwaka 1983 kipo chama cha kuwakusanyia watungaji ujira wao. Lakini sheria humfaa aliyeandikiana. Na wanamuziki wetu, khasa wachanga, huandikiana kwa kupeana mikono.

Haya nayaandika nikiifikiria Eldoret kwa sababu huko kazi hii sasa imenawiri. Wapo waimbaji wa Kikalenjin wanaojaza kumbi, wapo wa nyimbo za dini, wapo vijana wa Kiswahili cha mjini, na kila mmoja ana mpigia debe wake. Soda na kidonge wamepokezana na kampuni za simu na wanasiasa. Santuri imekuwa wimbo wa kuitikia simu na picha ya mtandaoni. Badala ya mkataba wa kampuni ya santuri pana akaunti, na mara nyingi ufunguo wa akaunti hiyo anao mpigia debe, si mwimbaji. Siku wakigombana, mwimbaji hujikuta ana sauti yake tu, na nyimbo zake zote zi katika mkono wa mwingine.

Simlaumu mpigia debe. Colmore asingekuwako, huenda tusingemjua Bosco, na yule kijana wa mashamba ya Uasin Gishu asingejua kuwa gita moja laweza kusema kama mawili. Kumpenda mwimbaji ni jambo jema, na kumtangaza ni kheri. Lakini mapenzi ya mpigia debe hayapimwi kwa ukubwa wa bango. Hupimwa siku ya hesabu, watu wakishatawanyika na kiti kimoja kimebaki ukumbini, daftari likafunguliwa, naye mwimbaji akaweza kusoma kila mstari. Mwimbaji naye asione haya kuuliza. Asome, na kama hakufahamu asomewe na asiye na fungu katika mapatano hayo, ndipo atie sahihi.

Nimewatungia vijana wa Eldoret ubeti huu mmoja, nao wakipenda wautie mahadhi, bure bila malipo:

Mpigia debe ndugu, sikiza nalokwambia,
Usile mbivu na mbegu, maganda ukamwachia,
Deni halifi ni sugu, siku yake hutimia,
Sauti ina mwenyewe, haki kumrudishia.