Masizi ya motere: mazutu inaingia mara ngapi?

Mama anayefua nguo za kazi za bwana yake anayajua masizi haya mbele ya injeniere yeyote. Maji ya beseni yanakuwa meusi, hata kama ile wiki hakukuwa matope. Na bwana mwenyewe, akipenga makamasi asubuhi, kitambaa ni cheusi. Wengi wanasema ni vumbi ya jiwe. Sehemu ni vumbi kweli. Ingine inatoka kwenye bomba la moshi la mashine.

Kwa wale wanashuka chini ya udongo, kama Kipushi ao Kamoto, jambo hili si la kuchekea. Mwezi wa 6, 2012, kule Lyon, Ufaransa, shirika la OMS linalochunguza kansere liliweka moshi wa dizeli kati ya vitu vinavyoleta kansere ya mapafu kwa hakika. Ushahidi mukubwa ulitoka kwa wachimbaji wenyewe: wafanyakazi zaidi ya 12 000 wa mine 8 za Marekani.

Masizi yanazaliwa namna gani? Dizeli haina buji. Mazutu inarushwa ndani ya hewa iliyobanwa mpaka ikapata moto mukali, inawaka yenyewe. Pale mazutu ni mingi na oksijeni kidogo, haiungui yote, inageuka kaboni, sawa moto wa kuni unaokosa upepo. Masizi mengi yanaungua tena mule mule ndani ya silinda. Yale yasiyokutana na hewa njo yanatoka inje.

Motere ya zamani inarusha mazutu mara moja. Zile za sasa, zinazoongozwa na ordinatere, zinairusha kwa vipande. Kwanza tone dogo, linapasha silinda moto na kupunguza makelele. Kisha mazutu ya kazi yenyewe. Kisha kidogo tena nyuma. Utauliza: kuongeza mazutu kunapunguza masizi namna gani? Kile kidogo cha nyuma kinakoroga gesi na kuzidisha moto, masizi yaliyobaki yanapata oksijeni na kuungua. Tena, mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba ukikata mazutu katikati, lile wingu nzito linalozaa masizi linakosa chakula.

Lakini saa yake ni kali. Vipande vikikaribiana sana, mazutu ya pili inaingia ndani ya gesi iliyokwisha kuungua, masizi yanaongezeka. Kile cha nyuma kikichelewa, mazutu inalowesha silinda na kushuka ndani ya mafuta ya motere.

Juu ya hiyo, injektere iliyochoka ni mambo mubaya. Matone madogo njo yanaharibika ya kwanza. Mazutu ya bido yenye mchanga ao maji inaikula, maana nafasi ndani yake ni ndogo kupita unywele. Nimeona fundi mmoja akisafisha pua ya injektere na waya, eti "itatembea tu". Itatembea, ndiyo, lakini tundu limepanuka, na moshi atauvuta mwingine kule chini.

Tena moshi ukipungua kwa macho, punje ndogo kabisa bado ziko. Ventilatere isizimwe.

Shofere akiona mashine inatoa moshi mweusi kupita jana, aandike kwenye kitabu cha mashine mbele ya kutoka kazi, mwenzake wa usiku aikute pale.