Kiswahili Chetu Kikivuka Malaba

Kila muhula mpya unapokaribia, zipo familia za pwani yetu zinazofunga masanduku ya mabinti wao kwenda Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988. Anayekwenda Mbale hupitia Malaba na Tororo. Anayekwenda tawi la wasichana la Kabojja, Kampala, aghalabu hupitia Busia. Mama hushughulika na ada na mashuka, na suala la mahramu huulizwa kwa masheikh, kama ipasavyo. Lisilozungumzwa sana ni vipi binti huyu ataingia katika nchi ya watu.

Tuyapitie ya karatasi kwa haraka. Tangu 2014 Mkenya huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, ingawa mwanafunzi heri awe na pasipoti. Busia, kituo kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na Malaba pia, vyote ni vituo vya pamoja: mwenye kwenda Uganda hashughulikiwi upande wa Kenya, bali huvuka kwanza, akawakuta maofisa wa nchi zote mbili upande wa pili. Asiyelijua hili ndiye anayenaswa na “wasaidizi” wa njiani. Cheti cha homa ya manjano nacho kitafutwe mapema, kwani chanjo huhesabiwa baada ya siku 10. Wapo wanaonunua kadi bila kuchomwa sindano. Huo ni ushahidi wa uongo, na maradhi hayasomi kadi.

Lakini lililo zito zaidi ni ulimi. Sisi tumelelewa tukijua kwamba Kiswahili ni lugha ya shikamoo, ya kasida na ya bibi zetu. Uganda kina historia nyingine. Wafanyabiashara wa pwani walikifikisha, pamoja na Uislamu, kwenye baraza ya Kabaka Suuna katika miaka ya 1840. Baadaye wakoloni wakakifanya lugha ya askari wa King’s African Rifles, na katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, raia wengi walikisikia vizuizini, vinywani mwa wanajeshi, kikiwa amri na kitisho. Ni kweli kwamba Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini masikio ya mtu mzima hayageuzwi na azimio la serikali.

Basi binti anaposhuka garini na kumwambia mwenye mkahawa, “Mama, lete chai!”, kwetu ni usemi wa kila siku, kwake yeye huenda ukasikika kama sauti ya kambini. Na aanze kwa salamu ya wenyeji: “Yoga” kwa Wateso wa Malaba na Tororo, “Mulembe” kwa Wasamia wa Busia na Wagisu wa Mbale, “Wasuze otya” asubuhi kwa wasemao Kiganda, akiongeza “nyabo” kwa mwanamke na “ssebo” kwa mwanamume. Baada ya hapo Kiswahili chake kitapokewa vizuri zaidi.

Jambo jingine dogo lenye kuudhi: Mganda ni mtu wa Buganda, wala si kila raia wa Uganda. Mteso wa Tororo kuitwa Mganda ni kama Mbajuni kuitwa Mkikuyu. Tena hawa Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Mstari ulichorwa juu ya koo zao, na huenda huyo muuza ndizi ana shangazi yake Kenya.

Akifika kwa Waganda wenyewe, au Busoga, atamwona msichana mwenziwe akipiga magoti kumwamkia mkubwa. Ni salamu, si ibada, na Waislamu wa huko nao huifuata. Asicheke, wala asichukue simu kumpiga picha. Kuhusu nyama, aulize ni nani aliyechinja, kwa sauti ya kawaida na bila kukunja uso, kwani wenyeji wamelizoea swali hilo.

Kuna na jaribu la fedha. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, na bunda la noti likijaa mkoba, mgeni hujiona tajiri. Akina mama wanaovusha mahindi na maharagwe mpakani hawapati faida kubwa; kumkazania mmoja wao bei kwa sababu tu “kwao vitu ni rahisi” ni kumnyima jasho lake.

Wakati wa kurudi, ukaguzi wote hufanyika upande wa Kenya, na mifuko ya nailoni imepigwa marufuku huku tangu 28 Agosti 2017. Ule waliofungia ndizi, waitao kaveera, uachwe kabla ya kuvuka. Binti na atiliwe kikapu cha ukili sandukuni tangu nyumbani.