Flashi Tatu za Gigabaiti 32

Wasomaji wengi wa gazeti letu wana flashi mifukoni mwao, nyengine zimefungwa pamoja na funguo za nyumba, nyengine zimetiwa ndani ya kijaluba cha kalamu. Mwalimu anayesimamia Chama chetu cha Historia amenitaka nieleze kwa nini flashi tatu zilizoandikwa ukubwa mmoja si kitu kimoja. Nimekubali, maana hasara yenyewe ilipita mikononi mwangu.

Muhula uliopita tulikwenda Nungwi, wanafunzi sita pamoja na Mwalimu, kumwangalia fundi mmoja mzee wa kuunda vyombo. Siku ile alikuwa anaweka mkuku wa jahazi. Alitueleza mbao gani hufaa kwa mataruma na gani kwa ubavuni, na namna ya kutia kalafati hata maji yasipate njia. Tulimchukua picha za video kwa simu muda wa saa mbili. Tuliporudi mjini nilizihamisha zote kwenye flashi mpya ya gigabaiti 32, niliyoinunua kwenye meza ya njiani kwa nusu ya bei ya dukani, nikaona nimekiokolea chama fedha. Kisha nikazifuta kwenye simu, kwa kuwa ilikuwa imejaa.

Baada ya wiki mbili tulitaka kuwaonyesha wazee wetu katika mkutano wa skuli. Majina ya mafaili yote yalikuwapo, na ukubwa wa kila moja umeandikwa sawasawa. Lakini nusu saa ya mwanzo tu ndiyo iliyocheza. Yaliyobaki hayakufunguka hata moja. Tulirudi Nungwi, na yule mzee hakukasirika. Alisema tu, "Wanangu, maneno nitayasema tena, lakini mkuku umeshafunikwa." Na kweli, chombo kilikuwa kimeshapigwa mbao hadi nusu ya ubavu.

Basi nikataka kujua yamekwenda wapi. Ndani ya flashi mna vitu viwili vya kuangaliwa. Kimoja ni bamba dogo lenye vijumba vingi mno vinavyoshika chaji ya umeme, na ndimo maandishi, sauti na picha vinamokaa hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu za namna hii ziliundwa na Bwana Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, huko Japani, aliyezitangaza mwaka 1984. Kitu cha pili ni kidude kinachoongoza, ambacho hupokea kila kinacholetwa na kompyuta na kukipangia mahali pake. Kompyuta haioni vijumba wenyewe. Huuliza kidude, "Una nafasi kiasi gani?" na jibu lolote ikipewa hulisadiki.

Mfano wake ni karani wa ghala la karafuu. Ghala lina nafasi ya magunia manne, lakini karani ameambiwa aseme thelathini na mbili. Gunia la tano likija, hulipokea, hutia saini, huandika daftarini, kisha hulitupa nje au hulibwaga juu ya la kwanza. Mwenye mali huondoka na risiti nzuri. Flashi yangu ilikuwa hivyo hivyo: nafasi ya kweli ilikuwa gigabaiti 4, na karani wake alifundishwa uongo na watu walioitengeneza. Majina yalisalimika kwa sababu daftari la majina huandikwa mwanzoni mwa flashi, mahali palipokuwapo kweli.

Hapa naomba tusichanganye mambo. Flashi nzuri ya gigabaiti 32 nayo itaonyesha kwenye kompyuta kiasi cha 29.8, au pungufu kidogo, na huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta nyingi huihesabu kuwa 1,073,741,824. Ni kama watu wawili wanaopima mchele ule ule kwa pishi zisizolingana.

Flashi ya pili tuliazimwa na Mwalimu wa Fizikia, na ya tatu ilinunuliwa na chama dukani, kwa risiti. Zote mbili ni za kweli, ila ya Mwalimu ni ya USB 2.0 na yetu ni ya USB 3.0. Njia ya USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwa hesabu ya karatasini. USB 3.0 ya mwaka 2008 hupitisha gigabiti 5. (Siku hizi huandikwa pia USB 3.2 Gen 1, jina refu kwa kitu kile kile.) Lakini barabara pana haimfanyi punda akimbie. Flashi nyingi za bei ndogo huandika polepole kuliko njia yao, na maandishi makubwa yaliyo juu ya pakiti mara nyingi hutaja kasi ya kusoma tu, ambayo ndiyo kubwa. Tuliweka saa tukahamisha gigabaiti 4: ya Mwalimu ilichukua dakika nane na kidogo, yetu dakika mbili kasoro. Tulipoichomeka yetu katika kompyuta ya zamani yenye tundu la USB 2.0, ilifanya kazi vile vile, lakini ule mwendo wake ukapotea. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani asilipe ziada kwa mwendo ambao hatauona.

Zote mbili zilikataa faili moja lililozidi gigabaiti 4, ijapokuwa nafasi ilikuwapo tele. Sababu yake ni mpango wa FAT32, ambao flashi za ukubwa huu huja nao mara nyingi. Mtu akiupenda mpango wa exFAT aweza kuubadilisha, lakini ahamishe vitu vyake kwanza, kwani kubadilisha hufuta vyote.

Ama namna ya kuipima flashi mpya, iko programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza flashi nzima kisha huisoma tena yote na kusema ukweli. Inataka subira: flashi inayoandika megabaiti 8 kwa sekunde itahitaji dakika 67 hivi kujazwa gigabaiti 32, mbali na muda wa kusoma. Asiye na programu na aijaze mafaili makubwa mpaka juu, aitoe, airudishe, kisha ayafungue yale ya mwisho. Kuitoa ni lazima, maana pengine kompyuta hukuonyesha nakala iliyobaki kichwani mwake yenyewe. Rangi ya bluu ndani ya mdomo, ambayo ni alama ya USB 3.0, isimdanganye mtu. Plastiki ya bluu haina bei.

Hata flashi ya kweli si sanduku la kuwekea amana peke yake. Chaji katika vile vijumba huvuja kidogo kidogo kwa miaka, hewa yetu ya chumvi hula chuma cha mdomo, na flashi inayozungushwa kila steshenari ya mjini hurudi na virusi. Sauti ya Siti binti Saad ilitiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, kila upande dakika tatu hivi, na mpaka leo inasikika. Flashi moja ya gigabaiti 32 yaweza kubeba zaidi ya saa 500 za sauti, na yote yaweza kupotea kwa mara moja.

Chama sasa kina nakala mbili za ile nusu saa, moja katika kompyuta ya skuli na moja nyumbani kwa Mwalimu. Mzee wa Nungwi ameahidi kutuita siku atakapoweka mkuku wa chombo chengine. Bado hajatuita. Flashi ya tatu imo kabatini, tupu, imeshapimwa.