Maandishi ya Chaki Yaliyofutwa Alfajiri

Sisi tuishio mipakani twajua jinsi uvumi unavyomtafuta mgeni kwanza. Mwaka 1888 jambo hilo lilitokea Whitechapel, mashariki mwa London, ambako Waingereza mafukara walibanana pamoja na Wayahudi waliokimbia mateso nchini Urusi.

Polisi hawakupendwa huko. Tarehe 13 Novemba 1887, wakisaidiwa na wanajeshi, walikuwa wamewatawanya kwa virungu waandamanaji katika uwanja wa Trafalgar, baadhi yao wakitoka mitaa hiyo ya mashariki. Hivyo wanawake walipoanza kuuawa usiku, uvumi ulikwenda mbio kuliko upelelezi. Ukamwangukia fundi viatu Myahudi, John Pizer, aliyejificha kwa jamaa zake akiuhofia umati. Alikamatwa tarehe 10 Septemba, kisha akaachiwa. Usiku wa mauaji ya tarehe 31 Agosti alikuwa mbali na hapo, na alipousimamia mbali mwanga wa moto uliowaka bandarini, alizungumza na askari wa doria. Maongezi mafupi ya barabarani, lakini yalimfaa sana.

Usiku wa kuamkia Jumapili, 30 Septemba, wanawake wawili zaidi waliuawa. Kabla ya mapambazuko, askari aliokota kipande cha aproni chenye damu katika mtaa wa Goulston, mlangoni mwa jengo lililokaliwa zaidi na Wayahudi. Ukutani palikuwa na maneno ya chaki yaliyowataja Wayahudi hao. Wapelelezi wengine walitaka yasubiri mwanga yapigwe picha. Ilijadiliwa hata kuyafunika. Kamishna Sir Charles Warren alifika mwenyewe, akaamuru yanakiliwe na kufutwa kabla soko la Jumapili halijajaa watu.

Kwa uamuzi huo analaumiwa hadi leo. Nami, kama askari, siwezi kuipuuza lawama hiyo: nakala zilizobaki hazilingani hata katika tahajia, na ushahidi uliofutwa haurudi. Hata hivyo, Warren hakuwa akilinda ukuta. Alihofia kwamba nyumba zingevunjwa na watu kuuawa. Alikuwa na muda wa kuwahi umati. Leo picha ya ukuta kama ule ingekuwa imevuka mpaka kwa simu kabla askari hajafika.

Ghasia alizozihofia hazikutokea. Mwezi Novemba alijiuzulu, na muuaji hakupatikana kamwe.