Mzizi mtamu wa Wachina: Watuliza tumbo, wapandisha presha

Msomaji, ukiingia katika duka la dawa za Kichina ueleze kwamba una kikohozi, tumbo linakuchoma au misuli ya miguu hukukaza usiku, huenda ukatoka na mchanganyiko wenye vipande vya mzizi wa rangi ya manjano, mtamu kuliko sukari. Mzizi huo huitwa gancao, maana yake 'mmea mtamu'. Waingereza huuita liquorice. Ni dawa yenye manufaa, lakini ikiwa una presha, yafaa usome makala haya kabla hujanywa kikombe kingine.

Gancao ni mmea wa jamii ya kunde. Humea katika sehemu kavu za kaskazini mwa China, kama vile Gansu, Xinjiang na Mongolia ya Ndani. Mizizi yake huchimbwa, ikakaushwa na kukatwa vipande, na pengine hukaangwa kwa asali.

Matabibu wa Kichina hufunza kwamba mzizi huu huongeza nguvu za mwili wanazoziita qi, hulainisha koo, hutuliza tumbo na kupunguza ukali wa dawa nyingine. Ndiyo sababu wahenga wao waliupa jina la guolao, yaani mzee wa taifa, kama mzee anayepatanisha wagomvi. Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi karibu mwaka wa 200 baada ya Kristo, aliuchanganya na mzizi wa ua la shaoyao kutibu misuli iliyokaza. Mchanganyiko huo ungali unatumika China na Japani.

Tiba ya kisasa nayo haikuudharau. Mnamo 1946 daktari Mholanzi, F. E. Revers, aliripoti kwamba dawa iliyotokana na mzizi huu iliwasaidia wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Hata hivyo, baadhi yao walivimba mwili. Baadaye Waingereza walitengeneza kutokana nao dawa ya vidonda iitwayo kabenoksoloni. Nayo ilivimbisha watu na kupandisha presha, hata ikaachwa zilipopatikana dawa bora zaidi.

Kwa nini mzizi mmoja uponye na kudhuru? Utamu wake hutokana na kemikali iitwayo glisirizini. Mwili wako hutengeneza homoni ya kotisoli, ambayo ikiachwa huru huziamrisha figo zizuie chumvi. Kwa kawaida kuna kimeng'enya katika figo kinachoizima homoni hiyo, mfano wa askari langoni. Glisirizini humfunga mikono askari huyo. Chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, na madini ya potasiamu hupotelea katika mkojo. Potasiamu ikipungua sana, misuli hulegea na moyo huweza kupiga ovyo.

Si jambo la kupuuza. Mwaka wa 2020, madaktari wa Massachusetts General Hospital nchini Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 54 aliyekuwa akila pakiti moja na nusu ya peremende za mzizi huu kila siku, kwa majuma kadhaa. Potasiamu yake ilishuka mno, moyo ukasimama ghafla, na akafariki.

Je, kiasi gani ni kingi? Mwaka wa 2003 kamati ya wataalamu wa vyakula ya Ulaya ilishauri mtu asizidishe miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Kipimo cha kawaida cha Kichina ni gramu 2 hadi 10 za mzizi kwa siku. Gramu 10 za mzizi wenye asilimia 2 ya glisirizini zina miligramu 200, mara mbili ya kiasi hicho. Kwa mtu mwenye afya, siku chache si tatizo. Hatari huja ukitumia kwa majuma mengi, au ukinywa michanganyiko miwili mitatu ambayo yote ina gancao.

Usiutumie kabisa ikiwa una presha, ugonjwa wa moyo, figo au ini, au ikiwa wewe ni mjamzito. Jihadhari pia ikiwa unameza dawa za kuongeza mkojo kama vile furosemaidi, dawa ya moyo ya digoksini, au prednisoloni, kwani mzizi huu huzidisha madhara yake.

Kabla ya kununua mchanganyiko wowote, uliza una nini ndani. Tazama kwenye pakiti kama pameandikwa gancao, liquorice au Glycyrrhiza. Pimwa presha kabla ya kuanza, na tena baada ya juma moja. Ukivimba miguu, ukiumwa na kichwa, ukilegea misuli au moyo ukienda mbio, acha kuutumia uende hospitalini mara moja, na pakiti uibebe. Mwombe daktari apime potasiamu.

Zaidi ya yote, usione haya kumwambia daktari wako kwamba unatumia dawa za mitishamba. Asipojua, huenda akakuongezea tembe za presha mwezi baada ya mwezi, kumbe kinachoipandisha kimo katika kikombe chako cha asubuhi.